Giaboksi ya Bugeshi na Mzee Aliyeitikia Kila Swali

Vijana wa karakana, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie namna ya kutambua ugonjwa wa giaboksi ya tingatinga. Mlisema kwa ufupi tu, kurasa mbili hivi. Kurasa mbili zinatosha kueleza jinsi ya kufungua kifuniko cha chini bila kuoga oili. Mengine yanataka nafasi, na nafasi sasa ninayo, maana tangu nistaafu mwenye haja nami ni kuku wa jirani peke yake. Habari za vyeo sitaziandika, aliyepandishwa na aliyerukwa wote wanajijua. Nitaanza na siku ya kwanza.

Nilifika Gisenyi, Rwanda, nikiwa msichana kutoka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Nilikuwa na cheti cha ufundi wa magari, Kiswahili cha shuleni, na Kinyarwanda cha jikoni kwa mama, ambacho kilinitosha kusalimia na kuomba chumvi. Karakana ilikuwa chini ya mtaa wa Nengo. Ukisimama langoni uliliona ziwa, na hayo ndiyo yote nitakayosema juu ya ziwa, kwa sababu sisi tulikuwa tunafanya kazi. Nilijua magari madogo. Tingatinga nilikuwa nimeliona kwa mbali tu, likisukuma udongo, na nilidhani lina klachi ya kukanyaga kama lori la kawaida. Nilimwambia hivyo fundi mkuu wa giaboksi, mbele za watu. Hakucheka. Alinipa chujio lililotoka ndani ya giaboksi, lina sumaku na limejaa uchafu, akaniambia nilisome.

Huyo alikuwa Papa Kasereka, na kila ninachokijua kilipita mikononi mwake kwanza. Alikaa Goma. Kila asubuhi alivuka mpaka wa Petite Barrière kwa miguu, katikati ya kina mama wenye mabeseni ya nyanya na wabebaji wa unga, akiwa na kofia kichwani na tai ndani ya ovaroli. Kwenye mfuko wa chakula, chini ya fufu na sombe ya majani ya muhogo, alikuwa na geji yake ya kupimia presha, imeviringishwa kitambaa cha jikoni. Alisema kumweleza afisa wa forodha geji ni nini kunachukua asubuhi nzima, na sombe haimpi mtu maswali. Giaboksi aliiita bwate, kama wote waliojifunzia kazi kwa Kifaransa, na baada ya miezi miwili nami nikawa naiita bwate. Mama alidhani nimeingia katika dhehebu jipya.

"Hii iko gazeti ya bwate," aliniambia siku ile, akigusa chujio. Ukikuta vipande vinavyong'aa rangi ya shaba, sahani za klachi zinalika. Ukikuta mpira mweusi, ni sili. Ukikuta chuma chenyewe, gia au beringi zinagombana. Na ukikuta safi, ufunge mdomo wako na utafute kwingine. Lioshwe kwa dizeli na brashi laini, si kwa kitambaa, kwa kuwa nyuzi za kitambaa nazo huja kusomwa kama habari. Nililiosha chujio la kwanza saa nzima. Nilifurahi sana siku ile, na sioni aibu kusema.

Alikuwa na utaratibu wake, nanyi mnaujua ingawa mnauruka. Kwanza oili, kiasi chake, rangi yake na harufu yake. Pili chujio. Tatu presha, gia zote, mbele na nyuma, oili ikiwa imepata moto. Ikishuka kwenye gia moja tu, klachi ya gia hiyo inavuja ndani. Ikishuka kwenye zote, usiguse klachi yoyote, angalia pampu, valvu na njia ya oili. Kufungua ni jambo la mwisho. Namba aliziandika kwa chaki ubavuni mwa mashine yenyewe, maana karatasi, alisema, hupotea au huloa.

Lakini kabla ya hayo yote alikuwa na jambo moja lililonikera. Alimsalimia dereva. Hakusema tu habari yako. Aliuliza mke, akauliza watoto mmoja mmoja, akauliza ng'ombe, kama kuna ng'ombe, na jibu alilisubiri. Mimi nimesimama na sanduku la spana begani, injini inaunguruma, yeye anauliza ndama amezaliwa na rangi gani. Siku moja nilimpima kwa saa yangu ya mkononi. Dakika ishirini na mbili. Nilijiambia nitakapopata kazi ya peke yangu, hizo dakika nitazitumia vizuri zaidi.

Kazi ya peke yangu niliipata mwaka wa tano. Kampuni ilikuwa inakata barabara huko juu Bugeshi, karibu na mpaka, chini ya volkano, mahali ambapo hata mchana unatamani blanketi. Tingatinga la huko lilikuwa limekosa nguvu. Papa Kasereka alikuwa Goma kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, harusi ya siku tatu, kwa hiyo Injinia, mkuu wetu wa kazi, alinituma mimi. Pikapu ilinifikisha mahali matope yalipoishinda. Nikapanda kwa njia ya miguu katikati ya mashamba ya viazi, mvua ikininyeshea, geji nimeificha kifuani. Nilifika meno yakigongana.

Dereva wa tingatinga hilo alikuwa Mzee Semana. Mtu wa Bugeshi hapohapo, mrefu, mwenye sauti ndogo, aliyejifunza mashine kwenye mashamba makubwa upande wa Kongo tangu ujana wake. Aliponiona alivua koti lake akanivika. Akaniletea kikombe cha maziwa ya moto na viazi vilivyochomwa kwenye majivu, akasimama kando nikila. Mimi nikaanza kazi mdomo ukiwa bado umejaa.

Nikamwambia, inateleza kwenye gia ya pili, siyo? Akasema yego, mama, yaani ndiyo. Nikamwambia, ilianza kama wiki iliyopita? Yego. Nikamwambia, na wewe ukaendelea kusukuma hivyo hivyo, hata ikiteleza? Yego, mama.

Nilichomoa kijiti cha kupimia oili, kilikuwa kimejaa mpaka alama. Nikafunga geji, nikamwomba apande kilima kwa gia ya pili, na sindano ikaanguka mbele ya macho yangu. Gia ya kwanza sikuipima. Ya tatu sikuipima. Chujio sikulitoa, kwa kuwa kifuniko kilikuwa kwenye matope na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nilikuwa na sindano, na nilikuwa na ushahidi wa mwenyewe aliyekiri. Niliandika ripoti palepale, chini ya koti la yule mzee: klachi ya gia ya pili imeungua, sababu ni dereva kuendelea kuisukuma mashine baada ya kuona inateleza. Hata mwandiko ulikuwa mzuri.

Injinia aliisoma akanisifu. Akaagiza lori la kubebea tingatinga lije kulishusha siku ya Ijumaa, giaboksi ifunguliwe, na akaanza kuandika barua ya kumwachisha kazi Mzee Semana. Hapo mjue maana yake. Dereva aliyeachishwa kwa kuunguza mashine hapewi mashine tena, si kwetu tu, bali kwa kampuni yoyote kutoka Rubavu mpaka Musanze, maana wakuu wa kazi wote wanajuana. Mzee yule alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Kazi nyingine hakuwa nayo wala hakuitaka. Mimi nilijua yote hayo, na niliwaza kwamba ni huzuni, lakini ukweli ni ukweli.

Alhamisi Papa Kasereka alirudi kutoka harusini, tai yake mpya. Nilimpa nakala ya ripoti nikisubiri pongezi. Aliisoma mara mbili. Akauliza namba za gia zingine ziko wapi. Nikasema sikuona haja. Akauliza chujio lilikuwa na nini. Nikasema sikulitoa. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alisema tu kwamba kesho asubuhi tunapanda wote wawili, kabla ya lori kufika.

Ijumaa kulikuwa na jua. Mzee Semana alitupokea kama vile hakuna barua inayoandikwa, ingawa aliijua, Bugeshi nzima ilikuwa inaijua. Nilitamani ardhi inimeze pale alipouliza kama mafua yangu yamepona. Papa Kasereka akaanza: mke, watoto, ng'ombe. Safari hii sikutazama saa.

Kisha akamuuliza kama mashine inateleza ikiwa baridi. Yego, papa. Ama ikiwa moto? Yego. Kwenda mbele? Yego. Kurudi nyuma? Yego.

"Na kama imezimwa, iko inateleza?"

Mzee Semana alifikiri kidogo. Nadhani aliona vibaya kumwangusha mgeni mwenye tai. "Inaweza, papa," akasema.

Papa Kasereka akanigeukia, taratibu. "Unaona, Vene? Haukumuuliza kitu. Ulimuambia, naye akaitika."

Sijawahi kuchapwa kofi kazini, lakini nadhani ndivyo linavyosikika. Mimi ni Mnyarwanda, hata kama nililelewa Karagwe. Nilimwona mama yangu maisha yake yote akimwitikia yego kila aliyefika mlangoni akiwa amechoka, hata aliyekosea nyumba. Nilijua kabisa kwamba kwetu mtu hamkatalii mgeni aliyetembea mbali. Nililijua nyumbani, nikalisahau nilipovaa ovaroli.

"Bon," akasema Papa Kasereka. "Muzee, unielezee siku yako tu. Unaamuka, unakuya hapa, unafanya nini?"

Mzee Semana akakaa juu ya jiwe akaeleza, na alipoanza kueleza alikuwa mtu mwingine kabisa. Alisema anaamka, anakamua, anakuja. Kabla ya kuwasha anazunguka mashine, anatazama cheni, anaondoa mawe. Akiwasha tu anatazama oili, kila siku, hajawahi kuacha. Zamani alikuwa akiegesha pale chini, penye uwanja tambarare. Lakini viazi vilipoanza kuvunwa, kina mama wakawa wanakuja pale na magunia kuchagua vikubwa na vidogo, na huku Bugeshi uwanja ulionyooka ni ule mmoja tu. Hakuona ni adabu kuukalia kwa chuma. Basi tangu wiki tatu zilizopita anaegesha huku juu kwenye mteremko, kando ya mikaratusi, na mawe chini ya cheni. Akaongeza, kwa furaha, kwamba mahali hapa ni pazuri kwa mashine.

"Tangu nilikuya huku," akasema, "oili haipungukake tena. Kila siku iko full."

Papa Kasereka alinitazama ili ahakikishe nimesikia.

Kama hamjaelewa bado, someni polepole. Oili ya giaboksi hupimwa mashine ikiwa mahali palipo sawa, injini ikizunguka polepole, oili ina moto. Pale kwenye mteremko tingatinga lilikuwa limeinamia upande wa kijiti. Oili yote ilikimbilia upande huo, kijiti kikasema imejaa, na kwa wiki tatu mzee hakuongeza hata tone, wakati bomba moja chini lilikuwa linatoa jasho kidogo kidogo kama mabomba yote ya zamani. Akishuka na kufanya kazi mahali tambarare, iliyobaki ilitosha. Akipanda kilima, hiyo iliyobaki ilikimbilia nyuma, mdomo wa pampu ukabaki unavuta hewa, presha ikaanguka, na kila gia ikateleza. Ya pili ilikuwa miongoni mwao. Mzee alikosea mahali pa kupimia. Mimi, fundi mwenye cheti, nilichomoa kijiti kilekile, kwenye mteremko uleule, nikakiamini.

Tuliwaomba kina mama wasogeze magunia. Waliuliza kama sasa chuma kina haki kuliko viazi, lakini walisogeza, na mmoja alibaki kusimamia ili tusikanyage mbegu zake. Tukalishusha tingatinga uwanjani. Kijiti kilitoka kikavu, ncha tu ndiyo iliyolowa. Tukafunga lile bomba, tukajaza oili. Nilitoa chujio kwa mikono yangu, matope au si matope, nikalikuta safi kabisa: hakuna shaba, hakuna mpira. Nikapima gia zote, mbele na nyuma, Papa Kasereka akiandika kwa chaki ubavuni. Kisha Mzee Semana akapanda kilima kwa gia ya pili, bamba la mbele limejaa udongo, na sindano haikutikisika. Kina mama walipiga makofi, ingawa sidhani walijua wanashangilia nini.

Hapo ndipo gari la Injinia lilipofika, na lori nyuma yake, na barua mfukoni mwake.

Injinia hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Alishuka, akaona kila mtu amesimama, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Semana aliyekuwa anashuka kutoka kwenye kiti. Akamwambia kwamba ripoti inasema ameendelea kuisukuma mashine mpaka akaunguza klachi. "Ni kweli ama si kweli?"

Mzee Semana alinitazama mimi. Alijua sasa, sawasawa na sisi, kwamba hakuna klachi iliyoungua. Alikuwa amejionea chujio. Akavua kofia.

"Yego, patro," akasema.

Nitawaambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu karakanani. Kwa muda wa pumzi moja, labda mbili, nilinyamaza. Niliona jinsi mambo yangeweza kwenda: mzee amekiri, ripoti yangu imesimama, giaboksi ikifunguliwa Gisenyi ningepata la kusema. Papa Kasereka alikuwa anafuta geji yake kwa kitambaa cha jikoni, ametugeuzia mgongo. Angeweza kulisema yeye kwa maneno matatu. Hakulisema, na nilimchukia kwa hilo kwa muda wa pumzi hizo mbili.

"Si kweli," nikasema. "Mzee anakuitikia tu, kama alivyoniitikia mimi. Niliyekosea ni mimi." Kisha nikamwonyesha Injinia namba za chaki, moja moja, na kijiti, na chujio, na nikamwambia ni gia zipi sikuzipima siku ya mvua, na kwa nini. Injinia alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Aliitoa barua, akaikunja mara nne, akairudisha mfukoni. Lori akaliambia ligeuze. Mimi akaniambia kwamba kwa miezi mitatu nitaosha machujio. Niliyaosha, na nilijifunza mengi, maana gazeti ukilisoma kila siku unaanza kuujua mji.

Kabla ya kushuka nilimfuata Mzee Semana kando ya mikaratusi. Nilimwomba radhi, kisha nikamuuliza kwa nini aliniitikia siku ile, na leo tena, wakati anajua anajichimbia kaburi. Alionekana kushangaa kwamba nauliza.

"Ulifika umeloa, uko unatetemeka," akasema. "Mutu amepanda mulima yote ile kwa ajili yangu, halafu mi nimuambie hapana?"

Nikamuuliza na leo je, leo kuna jua. Akasema leo ningepata aibu mbele ya wakubwa, na nilikuwa bado mgeni wake. Nililia njia nzima ya kushuka, na Papa Kasereka alitembea mbele kidogo akinieleza chakula chote kilicholiwa harusini, sahani kwa sahani, mpaka nikanyamaza.

Tangu hapo niliacha kuuliza maswali yanayoweza kujibiwa ndiyo. Niliuliza mke, watoto, ng'ombe, kisha nikaomba nielezwe siku nzima tangu kuamka. Mmenicheka kwa hilo, najua, na najua pia nani kati yenu alikuwa akinipima kwa simu yake. Kompyuta yenu ya kupimia ni nzuri, naipenda, haina adabu hata kidogo na ndiyo sababu inasema kweli. Lakini nayo huunganishwa mahali mashine iliposimama, na hapo ilipowekwa ameiweka mtu. Papa Kasereka alifanya kazi nasi mpaka magoti yalipomkatalia kuvuka mpaka kwa miguu. Sasa ananipigia simu Jumapili, na mpaka leo anaanza na wajukuu wangu, mmoja mmoja.

Bugeshi nilirudi miezi minne baadaye, kwa kazi ndogo ya kubadilisha filta. Ilikuwa inanyesha tena. Nilifika nimeloa, Mzee Semana akavua koti, maziwa yakaja. Na mimi, kwa baridi na mazoea, nikajisahau. Nikamwambia, oili umeipima uwanjani leo, siyo?

Alifungua mdomo kuniitikia. Niliiona ile yego ikiwa tayari kabisa. Akaufunga. Akatazama magunia ya viazi yaliyokuwa yamejaa uwanja mzima, akanitazama mimi na nywele zangu zinazodondosha maji, na ilimchukua muda, kwa kuwa lilikuwa neno zito kwake kuliko jiwe lolote alilowahi kulisukuma.

"Hapana, mama," akasema. "Bado sijapima."

Nikainama chini ya giaboksi kana kwamba natafuta boliti, na nikakaa huko mpaka macho yangu yalipokauka.